Jina Alilozama Nalo Baba

Makongeni, Thika
20 Septemba 1957

Mume wangu,

Mume wangu! Mume wangu! Nimeliandika mara tatu kwa sababu wino ni wangu na hakuna wa kunikataza. Kesho tutatimiza wiki tano tangu tufunge ndoa, na katika wiki hizo tano tumekaa pamoja siku tisa tu. Nimezihesabu. Ruiru iko hapo tu, basi halimalizi saa nzima, lakini kwa amri hizi za Hali ya Hatari, mpaka wakupe pasi ya kuvuka kuja huku ni kama uko ng'ambo ya dunia. Basi nakuandikia, na kwa kuwa wewe hujui Kikamba na Kikikuyu changu kinakuchekesha, nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyonitongoza nayo.

Darasa la tatu wameshanigundua. Jana niliwaandikia hesabu ubaoni, tena kwa jina lako: Githinji ana machungwa kumi na mawili, anakula matano. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu Githinji kila siku ana machungwa. Hagawii watu?" Nilicheka mpaka nikalazimika kugeukia dirisha.

Lakini leo sitaki kukueleza furaha yangu peke yake. Nataka Mama naye aipate. Unamjua Ephantus, fundi wa baiskeli, yule mpole aliyekaza mnyororo wa baiskeli yako siku ya harusi na hakutaka asante. Tangu Pasaka ameomba kumwoa Mama. Mama alikubali kwa njia yake, yaani alimwambia, "Wewe mtu, huna kazi nyingine?" kisha akamtilia chai kikombe cha pili. Ila Mchungaji amekataa kuwafungisha ndoa. Amesema, "Mama Wayua, mbele ya kanisa wewe ni mke wa Muthoka. Niletee karatasi au shahidi kwamba Muthoka amefariki, nami nitawafungisha hata kesho."

Na hatuna karatasi. Baba alituma barua moja tu kutoka Mombasa, mwanzoni mwa mwaka 1943, aliyoandikiwa na mtu: kwamba anaingia kazi kwenye meli ya mizigo iitwayo Ardenhall, atarudi wakati wa mavuno. Mimi nilikuwa na miaka minane. Baadaye mtu wa bandarini akaleta habari kwamba Ardenhall ilipigwa na nyambizi ya adui, ikazama. Basi. Hakuna aliyetuletea mkono wa pole wa serikali, hakuna jina lililosomwa. Kila Novemba wakikumbuka waliokufa vitani, wajane hukaa benchi la mbele, na Mama hukaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu hajui yeye ni nani.

Mwezi wa nane niliiandikia ofisi ya serikali kuuliza majina ya waliozama. Nangojea jibu. Niombee, mpenzi wangu. Naona aibu kuwa na furaha nyingi hivi katika nyumba ambamo Mama hana ruhusa ya kuwa nayo.

Wako, wako, wako,
Wayua


Ruiru
25 Septemba 1957

Mke wangu Wayua,

Barua yako nimeisoma mezani nikipima kahawa, nikaandika ratili mia mbili kwa mtu aliyeleta mia moja. Alishukuru sana. Nimemrudisha ili nifute.

Habari njema: meneja ameniahidi nyumba ya watu wenye wake, vyumba viwili, mwezi wa Januari. Mama yangu Gathoni amekwisha kuja kuitazama. Amesema jiko linaelekea upande mbaya na kwamba wewe ni mwembamba. Kwake hayo ni mapenzi.

Kwa habari ya Mama, jibu litakuja. Mtu hazami na meli nzima bila kuandikwa mahali. Ephantus ni mtu mzuri, nami nitafurahi kumwita baba.

Na wale watoto waambie Githinji atagawa machungwa.

Wako,
Githinji


Makongeni, Thika
2 Oktoba 1957

Githinji wangu,

Jibu limekuja, na afadhali lisingekuja.

Wameandika kwa adabu. Wanasema orodha ya Waafrika waliopotea na Ardenhall wanayo, ni watu kumi na mmoja, wameniwekea na nakala yake. Muthoka wa Kilonzo hayumo. Tena wanasema kipande cha Muthoka wa Kilonzo, kile cheti cha kazi walichovaa shingoni, kwa namba yake, kimeandikwa kwenye kazi katika shamba la mkonge la Voi, kuanzia Juni 1944 hadi Februari 1945. Kwa hiyo hawawezi kusema amekufa.

Umeelewa? Meli ilizama mwaka 1943. Mwaka mmoja baadaye Baba alikuwa Voi akikata mkonge.

Nilimsomea Mama. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua mpaka yakaisha, kisha akayarudia yale yale yaliyokwisha kuchambuliwa. Baadaye akasema, "Voi si Ulaya. Kuna treni." Githinji, miaka kumi na minne mama yangu amemlilia mtu, na sasa anaambiwa mtu huyo alikuwa mzima, amekaa njiani, na hakutaka kuja.

Na habari imefika bombani kabla ya ndoo zetu. Leo mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Mume wa Mbula amefufuka! Andaeni chakula!" Wakacheka. Mama alijaza ndoo yake, akajitwika, akawaambia, "Akifika nitamleta kwenu mumpikie, mnaonekana mmemngojea kuliko mimi." Lakini maji yalimwagika njia nzima.

Nakuomba jambo. Hapo shambani mna Wakamba wengi wanaochuma kahawa. Waulize kama kuna aliyefanya kazi bandarini Mombasa, au Voi, miaka ile. Taja jina la meli. Kama Baba yu hai nataka nimwone uso kwa uso nimwulize swali moja. Kama amekufa, nataka kujua.

Na usimwambie mama yako bado. Sitaki aseme mwanawe ameoa binti wa mtoro.

Anayekupenda hata akiwa na huzuni,
Wayua


Ruiru
7 Oktoba 1957

Mke wangu,

Sikuchelewa. Leo asubuhi, wachumaji walipopanga foleni ya mizani, nilisimama juu ya sanduku nikasema, "Ndugu zangu, kuna mtu hapa anayejua habari za meli iliyoitwa Ardenhall?" Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama inapita Ruiru siku ngapi kwa wiki. Wakacheka.

Lakini nyuma kabisa kuna mzee wa Kikamba, Zacharia, mtu kimya anayesimamia vitanda vya kukaushia kahawa. Debe lilimwanguka, kahawa nyekundu ikamwagika yote chini. Hakuinama kuiokota. Akaondoka tu.

Anajua kitu. Kesho nitamtafuta, nitakuandikia kila neno. Mwambie Mama asikate tamaa.

Wako,
Githinji


Makongeni, Thika
10 Oktoba 1957

Githinji, Githinji,

Ungekuwa hapa ningekubusu mbele ya darasa zima la tatu na Mwalimu Mkuu! Ulisimama juu ya sanduku kwa ajili ya baba yangu! Nimemsomea Mama mara mbili. Ameuliza tu, "Huyo Zacharia ni wa wapi?" lakini jana usiku alikula.

Niandikie upesi. Nalinda sanduku la posta kama kuku anayelinda mayai.

Wayua wako


Ruiru
14 Oktoba 1957

Mke wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kahawa imeiva yote kwa mpigo mmoja na mashine haipumziki.

Yule mzee nilimwona. Hana habari ya kutusaidia. Debe lilimteleza tu, mkono wake una baridi yabisi.

Nadhani tungojee kidogo na jambo hili. Msalimie Mama.

Githinji


Makongeni, Thika
18 Oktoba 1957

Githinji,

Nimeisoma barua yako ndogo mara nyingi nikitafuta mume wangu ndani yake. Tarehe saba mzee anajua kitu. Tarehe kumi na nne ana baridi yabisi. Kitu gani kilitokea katikati?

Niambie ukweli, hata kama unauma. Zacharia alisema Baba yu hai na mke mwingine na watoto? Au mama yako amesikia na amekukataza?

Wako bado,
Wayua


Ruiru
21 Oktoba 1957

Wayua,

Mama yangu hajui lolote wala hajakataza lolote. Nakupenda kama siku ile kanisani. Kuna jambo siwezi kulisema na siwezi kukwambia kwa nini siwezi. Nipe siku chache. Nakuomba.

Githinji


Makongeni, Thika
24 Oktoba 1957

Simeon Githinji,

Jumapili Mama alimwambia Ephantus asije tena nyumbani. Alimwambia mlangoni, mimi nikiwa ndani. "Mimi ni mke wa mtu," akasema. "Labda ni mke wa mtu mbaya, lakini ni mke wa mtu. Usinifanye niwe kitu kingine." Ephantus alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Akasema, "Haya, Mbula. Gurudumu la mkokoteni wako nimelitengeneza, liko pale nje." Akaenda. Mama alifunga mlango akakaa chini sakafuni na nguo zake za kanisani.

Hizo ndizo siku chache zako.

Nilidhani mtu akiolewa hakuna tena mlango uliofungwa kati yake na mumewe. Nilikuwa mjinga, nilikuwa na furaha mno. Kama unajua alipo baba yangu na unakaa nalo, sijui nitakuja kuishi vipi katika vyumba hivyo viwili.

Wayua


Ruiru
28 Oktoba 1957

Wayua, mke wangu,

Sasa naweza kusema, na nitasema yote.

Siku ile nilipomtafuta Zacharia, alinipeleka pembeni, akatoa Biblia, akasema nikiapa kutomwambia mtu yeyote atanieleza. Mimi kwa haraka ya kutaka kukuletea habari, nikaapa kabla ya kusikia. Ndiyo kosa langu. Nilipokwisha kusikia, nilikuwa nimebeba kitu unachokitafuta kuliko vyote, na mdomo wangu umeshonwa. Ningefanya nini? Nilikuwa nikimfuata kila siku kwenye vitanda vya kahawa nikimbembeleza aniachilie kiapo. Kila siku alisema, "Nitafungwa, mwanangu. Nimezeeka, siwezi jela."

Jana nilimsomea barua yako ya tarehe ishirini na nne. Sikuruka neno. Nilipofika pale Mama alipokaa sakafuni na nguo za kanisani, aliniambia nifunge barua. Akageuza kahawa kitanda kizima. Kisha akasema, "Lete karatasi. Andika ninavyosema, usinipambie."

Barua yake hii hapa. Ni ya Mama, lakini msomee wewe. Keti karibu naye.

Nisamehe ukiweza.

Mume wako,
Githinji


Ruiru
27 Oktoba 1957

Kwa mke wa rafiki yangu Muthoka,

Salamu. Anayesema ni Zacharia. Zamani, kabla sijabatizwa, niliitwa Kaleli wa Nthenge. Ukitazama orodha ya waliozama na Ardenhall utaona jina hilo. Ni langu, na mimi niko hai.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Muthoka alipofika Mombasa hakuweza kupata kazi. Bwana wake wa shamba la mkonge huko Thika alikataa kumtilia sahihi kipande chake, maana wakati wa vita hakutaka watu waondoke. Unajua mambo ya kipande. Kama bwana wa kwanza hajatia sahihi kwamba amekuachilia, hakuna mwingine wa kukuandika, na ukikamatwa wewe ni mtoro. Alikaa bandarini mwezi mzima akibeba mizigo ya kuokoteza.

Mimi kipande changu kilikuwa safi. Nilikuwa nimekwisha kuandikwa kwenye Ardenhall, kazi ya kutupa makaa kwenye moto wa chini. Siku mbili kabla ya safari nikashikwa na homa. Na tena nisiseme uongo, nilikuwa na hofu. Watu walikuwa wanasema habari za nyambizi. Muthoka akaniambia, "Kaleli, wewe unataka kubaki na mimi nataka kwenda. Nipe kipande chako, chukua changu. Nikirudi tutabadilishana." Tulicheka. Tulifikiri tumewashinda akili wazungu. Akakivaa changu shingoni, nikavaa chake, akapanda meli kwa jina la Kaleli.

Siku ya nne meli ilipigwa. Kuna Mdigo mmoja aliyeokoka, alikuwa juu sitahani, alikuja akanieleza. Alisema wale wa makaa walikuwa zamu, wote chini, na maji yaliingia kwao kwanza. Alisema yule Mkamba Kaleli alikuwa mtu wa kuimba kazini, na kwamba alikuwa akiwaambia ana binti anayejua kusoma. Nilikwenda kusomewa orodha iliyobandikwa ukutani, nikasikia jina langu kati ya maiti.

Baada ya hapo niliogopa. Kuazimana vipande kulikuwa ni jela. Nilikwenda Voi na kipande cha Muthoka. Walikuwa na shida ya watu, hawakutazama sahihi. Huyo aliyekata mkonge Voi ni mimi. Muthoka hakufika Voi. Angekuwa na miguu ya kufika Voi angefika kwako.

Nyumbani Machakos walipopelekewa habari ya kifo changu, mama yangu alimjibu askari kwamba nimetoka kula kwake jana, na ndugu zangu ikabidi waseme mama amechanganyikiwa. Nilipoandikishwa upya nilitaja jina la ubatizo. Nimeishi hivyo. Nilijua Muthoka ana mke Thika. Nilijua. Sikuja. Sina neno la kulifunika hilo.

Kipande chake ninacho. Nitakileta mwenyewe Jumamosi, na mtanifanya mtakavyo.

Zacharia, aliyeitwa Kaleli
(ameweka kidole)


Makongeni, Thika
5 Novemba 1957

Mume wangu, mpenzi wangu, Githinji wangu,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa wa kwanza, na sasa ni zamu yako kunisamehe mimi kwa yale niliyoandika. Yachome. Tafadhali yachome leo.

Sijui nianze wapi. Nilimsomea Mama kama ulivyosema, nimeketi karibu naye. Nilipofika kwa wale wa zamu ya chini, nilishusha karatasi. Akasema, "Soma." Nikasoma mpaka mwisho. Akaniambia nirudie mahali pamoja, pale panaposema angekuwa na miguu angefika kwako. Nikarudia mara tatu. Kisha akalia, Githinji, alilia kama mvua ya masika, na mimi nikalia, na katikati ya kulia akasema, "Basi hakuwa Voi." Akavuta pumzi ndefu, sijapata kumsikia akivuta pumzi hivyo maisha yangu yote. "Ngai wangu, Mungu wangu, hakuwa Voi." Akalala mchana kweupe mpaka jioni, na uso wake ulikuwa uso wa msichana.

Je, ni dhambi kufurahi kwamba baba yako alikufa? Sifurahii kifo. Nafurahi kwamba alitupenda mpaka mwisho, na kwamba aliwaambia watu wa makaa kuwa najua kusoma. Nilikuwa najua herufi sita tu!

Jumamosi Zacharia akaja kwa basi la kwanza. Alisimama nje hakutaka kuingia. Mama alimtazama sana.

"Wewe ndiye uliyekata mkonge wa Voi kwa jina la mume wangu?"

"Ni mimi."

"Ulifanya kazi vizuri, au ulimwaibisha?"

"Nilifanya vizuri, Mama. Walinipa unyapara."

"Unyapara," Mama akasema. "Muthoka angelipenda hilo. Ingia, uji unapoa."

Alitoa kipande. Kikopo chake cha bati kimeliwa na kutu lakini karatasi ndani ni nzima, na alama ya kidole cha Baba ipo pale, nyeusi, mistari yote inaonekana. Mama aliweka kidole chake juu yake, akakiacha hapo muda mrefu. Zacharia alikuwa anatazama uji.

Jana tulikwenda kwa Mchungaji, naye akatupeleka ofisini. Zacharia alikuwa amebeba na blanketi kwa ajili ya jela. Bwana ofisa alisikiliza kwa mkalimani, akasoma karatasi zote, akamwuliza karani kitu, kisha akasema vipande vile na sheria yake vilifutwa miaka mingi iliyopita. Na tena, akasema, katika vitabu vyake Kaleli wa Nthenge ni marehemu, naye hana uwezo wa kufunga marehemu. Karani akacheka. Zacharia hakuelewa mpaka nikamweleza kwa Kikamba. Alikaa kwenye ngazi za ofisi na blanketi lake. "Miaka kumi na minne," akasema. "Naogopa kitu kilichokufa." Ofisa ameandika maelezo yake, Mchungaji ametia sahihi, na Jumapili hii jina la Baba litasomwa.

Omba pasi! Omba leo! Nataka uwe karibu nami.

Wako kuliko mwanzo,
Wayua


Ruiru
8 Novemba 1957

Mke wangu mpenzi,

Barua nimezichoma, ila moja nimeibakiza, ile ya darasa la tatu.

Pasi wamenikatalia. Karani wa pasi alisema sina jamaa aliyekufa. Nilimwambia nina baba mkwe. Akauliza amekufa lini. Nikasema mwaka 1943. Akasema nimechelewa sana.

Kwa hiyo tazama kwa ajili yangu, unieleze yote. Na sitaapa tena kabla ya kusikia, hata mbele yako.

Githinji wako


Makongeni, Thika
11 Novemba 1957

Githinji wangu,

Andaa leso.

Kanisa lilijaa. Mchungaji alisoma majina ya askari kama kila mwaka. Kisha akatoa karatasi nyingine, akasema mwaka huu atasoma majina ya watu kumi na mmoja wa meli ya mizigo Ardenhall, kwa kuwa hajui kama kuna kanisa lolote lililowahi kuwasoma.

Mzee mmoja wa kanisa, yule anayevaa medali zake hata akienda sokoni, akasimama. "Mchungaji, hawa hawakuwa askari. Hawakubeba bunduki. Walikuwa vibarua wa makaa. Leo ni siku ya askari."

Nilimtazama Mama nyuma kule mlangoni, ameinamisha kichwa. Nilitaka kusimama mimi, naapa, lakini mtu alinitangulia.

Aliyesimama ni Ephantus. Hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi nilibeba bunduki Burma," akasema. "Miaka miwili. Risasi zilizokuwa ndani yake zililetwa na nani? Mchele niliokula uliletwa na nani? Mimi mwenyewe nilipelekwa kwa meli, na chini yangu kulikuwa na watu wanatupa makaa. Adui alipotupiga risasi tuliweza kulala chini. Wao walikuwa wamekwisha kuwa chini. Mchungaji, soma."

Yule mzee akaketi. Mchungaji akasoma. Wajaluo wawili, Wadigo, Mtaita mmoja, Wakamba. Akafika jina la nane. "Kaleli wa Nthenge," akasema, akainua macho. "Huyu yuko hai, amekaa kule dirishani. Aliyezama kwa jina lake ni Muthoka wa Kilonzo wa Thika, mume wa Mbula, baba wa Wayua." Zacharia alikuwa analia kwa sauti, bila haya.

Na Mama akainuka. Alitoka kule nyuma, akapita katikati, polepole, kanisa zima likimtazama, mpaka benchi la mbele. Wajane wakasogea wakampa nafasi. Mmoja wao alikuwa yule wa bombani. Alimshika Mama mkono.

Nje, Ephantus alimngojea. Nilisogea karibu nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Mbula," akasema, "sasa njia iko wazi."

"Iko wazi," Mama akasema. "Lakini nimekuwa mke wa mtu asiyekuwepo miaka kumi na minne. Sikupata hata siku moja ya kumlilia kwa haki. Niache niwe mjane wake mwezi mmoja. Halafu uje."

"Mwezi wa kalenda au wa siku thelathini?"

"Wewe mtu," Mama akasema, "huna kazi nyingine?"

Mpenzi wangu, nimelala usingizi wangu wote jana.

Wayua wako


Makongeni, Thika
12 Desemba 1957

Kwa mwanangu Githinji,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Wayua ananisimamia kama mwanafunzi na mimi nimemfukuza akachote maji. Herufi zangu ni kubwa, usicheke.

Nimemaliza siku zangu za kumlilia Muthoka. Nimezimaliza vizuri. Nililia, nikapika, watu wakaja kunipa pole, hata wale ambao hawakuja miaka ile. Zacharia alikuja Jumapili zote, akatuimbia wimbo ambao Muthoka alikuwa akiuimba bandarini. Mimi sikuwahi kuusikia. Ulikuwa wimbo wa kipuuzi kabisa, juu ya punda na mpishi. Nilicheka.

Ephantus alikuja tarehe tisa. Nilihesabu siku, nikaona ni ishirini na tisa. Nikamrudisha. Kesho yake alikuja asubuhi, jogoo hajamaliza kuwika, na shati limepigwa pasi.

Mchungaji atatufungisha ndoa Jumamosi tarehe ishirini na moja. Mwambie karani wa pasi kwamba safari hii hakuna aliyekufa, kuna harusi, na kwamba mimi nimesema. Mlete Mama Gathoni. Akisema Wayua ni mwembamba nitamwonyesha sufuria nilizonunua.

Nakusalimu mwanangu. Ulikaa na neno zito moyoni kwa sababu ulimwahidi mtu, na ulimwomba mpaka akalitoa mwenyewe. Binti yangu ameolewa mahali pazuri.

Ni mimi,
Mbula,
mjane wa Muthoka mpaka Jumamosi